Historia ya Katanga: tuanze na maboyi

Bandugu, mutu wa L1 akiniuliza aanze na kitabu gani juu ya Katanga, minamujibu: "Vocabulaire" ya mji wa Élisabethville, André Yav aliikusanya katika 1965. Kichwa ni Kifaransa, ndani ni Kiswahili yetu. Wenye kusimulia ni maboyi, batu waliopikia bazungu na kuwafulia nguo.

Mapungufu iko. Tarehe zinachanganyikana, Msiri na Léopold II banasimuliwa vile batu walisikia. Kwa miaka sawasawa, fungua Ndaywel, kama uzito wake haukuogopeshe. Mie wa agronomie ningetaka pia mashamba zaidi: bukari ya makambi ilitoka wapi?

Lakini mu historia za Union Minière mfanyakazi ni hesabu tu. Kwa Yav ni yeye anayehukumu bwana wake, sababu alimuona mu nyumba, si mu biro.

Kinachoniuma: Fabian, aliyefundisha hapa miaka ya 1970, aliitoa Amsterdam katika 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwetu ni banafunzi wangapi banaijua?

Ukiipata, isome kwa sauti. Maneno imeandikwa bila kutenganishwa vizuri. Sikio itaelewa mbele ya macho.