Dhana ya Sauti katika Uhakiki wa Nyatiti

Neno sauti, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, limebeba mzigo mzito kuliko inavyodhaniwa. Katika isimu ni kipashio kidogo cha matamshi. Katika siasa ni mamlaka, kwani mtu asiye na sauti si bubu, bali ni mtu asiyesikizwa. (Kwa Waarabu neno hilohilo humaanisha pia kura.) Hata shirika la utangazaji la taifa liliitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989, kana kwamba nchi nzima ilikuwa na koo moja.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeazima maana hiyo ya kisiasa: sauti ya mwandishi, sauti ya mwanamke, sauti ya wanyonge. Hapo sauti haisikiki tena. Ni msimamo tu. Kwa riwaya hasara si kubwa. Kwa fasihi simulizi ni kubwa mno, na mfano dhahiri ni nyatiti, ala ya Waluo wa Kisumu, Siaya na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji, aliyeketi juu ya kigoda kifupi, huzicharaza kwa vidole huku akiimba. Pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu, yaani oduong'o, hugonga mti wa ala. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Mtafiti hunasa yote hayo, kisha hunukuu maneno, huyatafsiri, na kuyachambua maneno hayo peke yake. Chuma na njuga huachiwa sentensi moja katika utangulizi, chini ya neno lisilo na uzito: usindikizaji. Yamkini atajitetea kwamba uzi una mlio, wala hauna sauti. Utetezi huo ni dhaifu, maana watumiaji wa lugha husema sauti ya redio na sauti ya zeze bila wasiwasi wowote. Wanakwaya wa makanisani, ambao hawajasoma nadharia, wana istilahi bora zaidi: wimbo huimbwa kwa sauti nne, na inayokosekana huharibu zilizobaki. Kwa kipimo chao, mpiga nyatiti mmoja ni kwaya, na maandishi ya mtafiti yamebakiza sauti moja.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika pakruok. Msikilizaji hutoa fedha, husimamisha wimbo, hujisifu yeye na jamaa zake, kisha nyuzi huendelea. Hapa maana mbili za neno hukutana: mwenye uwezo hununua nafasi ya kusikika, na uwezo huo hupimwa kwa kunyamaza kwa mwimbaji. Asiye na kitu husikiliza tu. Katika matini iliyosafishwa, pakruok huondolewa kama ukatizaji, na mhakiki hubaki akitafuta sauti ya wanyonge katika beti, ilhali swali la nani ana sauti lilikwisha kujibiwa hadharani, kwa fedha, kati ya ubeti mmoja na mwingine.