Kyalo Tunaye, Musyoka Tunaye. Mutinda Je?

Kwetu Ukambani jina la mtu linaweza kukupa habari zake kabla hajafungua mdomo. Kyalo ni safari: alizaliwa mama akiwa njiani, au baba akiwa mbali. Musyoka ni aliyerudi. Mutinda ni aliyekawia, yule aliyewafanya watu wahesabu miezi mara mbili. Tangu Desemba nimekuwa hapa Wote, embe zimejaa barabarani, nikisoma riwaya za Waafrika waliohama. Lalamiko langu ni moja. Akina Kyalo na akina Musyoka tunao tele vitabuni. Mutinda anapewa sentensi moja, kisha hadithi inampita.

Mutinda ninayemjua ni binamu yangu. Alitoka Kitui akaenda Kanada kusoma, kwa nguvu za harambee mbili na kipande cha shamba huko Mutomo. Akamaliza, akapata kibali cha kazi wanachopewa waliohitimu: miaka mitatu, na kwa kawaida hakiongezwi. Ndani ya miaka hiyo anatafuta ukaazi wa kudumu. Watu wa nyumbani wanadhani hiyo ni kujaza fomu tu. Wapi! Kwa njia aliyoifuata yeye, ile ya Express Entry, unaorodheshwa na kupewa alama za umri, elimu, lugha na kazi, halafu unakaa ukingoja kualikwa. Ukifikisha miaka 30, alama za umri zinaanza kushuka. Machi 2025 alama za kuwa na ofa ya kazi zikaondolewa kabisa. Kuna kibali cha kukuvusha wakati ombi linashughulikiwa, lakini ni cha mtu ambaye tayari ameshaomba, na huwezi kuomba kabla hujaalikwa. Daraja lipo, ila linaanzia ng'ambo ya mto.

Sasa chukua Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie (2013), kitabu ambacho kila mtu wa rika langu anadai amekisoma. Ifemelu anamaliza chuo Marekani na anahitaji karatasi. Mpenzi wake Curt, Mzungu mwenye pesa na jamaa wengi, anapiga simu kadhaa. Kazi inapatikana Baltimore, na kampuni itamshughulikia kadi ya kijani. Basi. Mlima uliomlaza binamu yangu macho wazi usiku unavukwa kwa simu, na sisi tunaendelea na nywele, blogu na mapenzi.

Adichie si mjinga, anajua alichofanya. Hapo hapo anamfanya Ifemelu awakumbuke wenzake wawili wa chuo. Wambui, Mkenya, anafanya kazi tatu za kisirisiri ili apate dola 5,000 za kumlipa mwanamume atakayemuoa kwa ajili ya karatasi. Mwombeki, Mtanzania, anahangaika kutafuta kampuni itakayomwajiri akiwa na visa ya muda. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Waafrika Mashariki wawili, wote akina Mutinda, wamebanwa kwenye sentensi moja ili Ifemelu ahisi vibaya kidogo! Mimi nilitaka riwaya ya Wambui. Alilala saa ngapi? Huyo mwanamume alilipwa kwa awamu? Na mama yake huku nyumbani aliambiwa nini?

Kuna atakayesema Obinze, kule London, anabeba mzigo huo. Ni kweli kiasi. Anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, anapanga ndoa ya karatasi, anakamatwa siku ya harusi yenyewe na kurudishwa Lagos. Kurasa zake ndizo ninazozipenda kuliko zote. Lakini Obinze ameshaanguka nje ya sheria, na hofu yake ni ya kukamatwa. Mwenye kibali kinachoelekea kuisha ana hofu nyingine kabisa. Analipa kodi, ana namba, ana kadi ya maktaba, na kila kitu chake kina tarehe. Haogopi polisi, anaogopa kalenda. Hofu hiyo haina mbio wala mlango unaovunjwa, na nadhani ndiyo sababu waandishi wanaikwepa.

Aliyejaribu kweli ni Imbolo Mbue, mwandishi kutoka Kamerun, katika Behold the Dreamers (2016). Jende Jonga wa Limbe anaendesha gari la bosi mmoja wa Lehman Brothers, New York, mwaka uleule benki hiyo inapoporomoka. Ana kibali cha kufanya kazi kwa sababu ombi lake la hifadhi bado liko mezani, na ombi lenyewe limejengwa juu ya hadithi aliyosukiwa na wakili. Anavaa suti, anasema ndiyo bwana, analipa kodi ya nyumba Harlem, na chini ya hayo yote kuna bahasha inayoweza kufika siku yoyote. Mbue anaelewa jinsi kungoja kunavyoingia ndani ya ndoa. Neni, mke wake, anaanza kupiga hesabu ambazo mtu anayependa hapaswi kuzipiga. Jende, mtu mpole, anainua mkono. Hakuna Mzungu mbaya anayewavunja. Ni muda.

Halafu baba yake Jende anafariki na Jende hawezi kwenda kumzika, maana akitoka Marekani ombi limekufa naye.

Hapo ilibidi nitoke nje nipunge hewa. Agosti tulimzika susu, Kitui. Nilipanda matatu mbili kutoka Wote, na kazi niliyopewa ilikuwa kushika simu juu ili binamu aone kaburi. Kibali chake kilikuwa karibu kuisha, na aliogopa kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Mtandao ulikatika wakati wa udongo. Uliporudi alikuwa bado kwenye skrini, amevaa jaketi la kazi, ananiuliza, "Wameshamaliza?"

Kwa hiyo Mbue ana heshima yangu. Lakini mwisho wake unaniudhi. Jende anaamua kurudi kwa hiari, na akiba yake ya dola, sehemu yake ikiwa imepatikana kwa njia ambayo sitaitaja ili nisikuharibie, inamfanya tajiri Limbe. Hesabu ya kubadilisha pesa inaokoa riwaya. Huku kwetu anayerudi hana huo msaada. Anarudi kwa watu waliochanga, kila mmoja akiwa na kijidaftari kichwani, na kwenye shamba ambalo sasa jirani amepanda ndengu. Mbue alimbeba Mutinda kurasa zaidi ya 300, kisha mwishoni akambadilisha jina akawa Musyoka, tena Musyoka mwenye bahati.

Kwa Kiswahili tuna Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora, lakini jina linajieleza: hiyo ni ndoto, ya kabla ya ndege. Ya baada ya ndege, ya mtu aliyekaa chumbani Toronto akihesabu siku kwa Kiswahili au Kikamba, sijaiona. Na hesabu hiyo inafanywa hivyo hasa. Binamu akiongea na mwajiri ni Kiingereza, akiongea kuhusu tarehe ni Kikamba.

Nilimtumia kitabu cha Mbue. Akakisoma hadi mazishi, akanyamaza wiki mbili, kisha akanitumia sauti saa sita usiku: "Niambie tu, wanapata karatasi au hawapati? Kama hawapati, sisomi sasa hivi. Nitamalizia baada ya Machi."