Bendera Mezani pa Mchapaji: Jinsi Utengaji wa Rangi Unavyomfunza Mwanafunzi wa Ubunifu

Mwanafunzi wa ubunifu wa michoro jijini Nairobi hujifunza rangi mara mbili, kwanza kwenye kompyuta, ambako rangi ni mwanga unaotoka katika kioo, na kisha katika chumba cha mashine, ambako rangi ni wino unaolala juu ya karatasi na kupunguza mwanga unaorudi machoni. Masomo hayo mawili hutenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, kwani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi haiko mbali na wapiga chapa wa River Road, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichoanza mwaka 1961 kwa jina la Kenya Polytechnic, kiko Haile Selassie Avenue, barabara ileile yenye kiwanda cha Mpigachapa wa Serikali, mchapaji wa Gazeti Rasmi ambalo limekuwa likitolewa tangu 1899. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi hufika kwa mchapaji akiwa amekwisha kuchagua rangi zake zote, na kazi inayobaki, yaani kuamua kila rangi itatoka kwenye wino upi, itafuata ipi na itakutana na jirani yake wapi, huachiwa fundi au programu. Kazi hiyo ndiyo utengaji wa rangi, na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba hapo ndipo elimu ya rangi inapoanzia, si inapoishia.

Msingi wake ni tofauti ya kifizikia. Kioo cha kompyuta hujumlisha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu hadi ukawa mweupe, ilhali wino huanza na weupe wa karatasi na kuondoa sehemu ya mwanga: wino wa sayani, ambao ni buluu inayoelekea kijani, huzuia mwanga mwekundu, wino wa majenta, ambao ni wekundu unaoelekea zambarau, huzuia mwanga wa kijani, na wa manjano huzuia ule wa buluu. Mchapaji Jacob Christoph Le Blon alithibitisha mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba picha yenye rangi nyingi inaweza kujengwa kwa mabamba matatu tu, akapata hataza yake Uingereza mwaka 1719, na wino mweusi huongezwa kwa sababu wino tatu zilizolaliana hutoa kahawia iliyofifia badala ya weusi kamili. Kwa kuwa rangi za wino ni chache kuliko rangi za mwanga, kijani kinachong'aa kwenye kioo hakipotezwi na mchapaji mzembe. Hakikuwahi kuwamo katika wino.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu ni bendera ya Kenya, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, kwa kuwa kila mwanafunzi anaijua na kila mchapaji amewahi kuichapa. Mapande yake matatu, jeusi, jekundu na la kijani, hutenganishwa na mistari miwili myembamba myeupe, kwa uwiano ambao kila pande la rangi huchukua sehemu sita na kila mstari mweupe sehemu moja, jumla sehemu 20. Mwanafunzi anayeigawa kwa wino nne za kawaida hupata wekundu kwa kulaza manjano na majenta, kijani kwa kulaza manjano na sayani, na weupe kwa kuiacha karatasi ilivyo. Lakini kijani cha bendera ni kizito kuliko kile kinachotokana na sayani na manjano peke yake, kwa hiyo sehemu ya nyeusi huongezwa kwa nukta ndogondogo, na anayekitazama kwa kioo cha kukuzia huona kwamba pande lililodhaniwa kuwa rangi moja ni wino tatu zilizopandana. Njia ya pili ni kuchanganya wino mwekundu na wa kijani kabla ya kuchapa, ili kila rangi iwe na bamba lake, na hapo kazi huhitaji mabamba matatu badala ya manne, kingo hutoka kali, na gharama hupungua iwapo ukurasa hauna picha ya kamera.

Mistari myeupe nayo ina faida ya kiufundi ambayo hudhihirika mashineni tu. Rangi mbili zinapogusana, karatasi ikisogea kidogo kati ya wino mmoja na mwingine, upenyo mweupe hujitokeza mahali pasipotakiwa, na kinga yake ni upishano, yaani kuipanua rangi nyepesi kidogo ili iingie chini ya ile nzito. Katika mapande ya bendera kinga hiyo haihitajiki, kwa sababu weupe tayari umezitenga rangi. Bali kwenye ngao iliyo katikati, ambako wekundu na weusi hukutana uso kwa uso, mchapaji asiyepisha huumbuka. Ukubwa nao hubadili hukumu: bendera yenye kimo cha sentimita 20 ina mistari myeupe ya sentimita moja, na mtelezo wa nusu milimita hauonekani, ilhali beji yenye kimo cha sentimita 2 ina mistari ya milimita moja, na mtelezo uleule hula nusu ya mstari.

Sababu ya mtelezo huo imo katika mashine yenyewe. Uchapaji wa ofseti hutumia bamba, ambalo mafundi huliita pleti, lenye sehemu zinazopokea wino na sehemu zinazopokea maji; picha huhamia kwenye blanketi la mpira kisha kwenye karatasi, na pamoja na wino huja unyevu kidogo. Katika mashine yenye uwezo wa rangi moja kwa wakati, karatasi hupita mara nne, na kila mara hunywa maji, hutanuka, hukauka na kunywea, na kwa kuwa hutanuka zaidi kukingamana na mwelekeo wa nyuzi zake, fundi anayejua kazi huuliza nyuzi zimelala upande gani kabla ya kuikata.

Toni za kati, kama ngozi ya uso au anga, hupatikana kwa nukta, kwa kuwa mashine haijui wino hafifu. Inajua kuweka wino au kutouweka. Nukta za kila wino hupangwa kwa mistari iliyoinamishwa kwa pembe yake, kwa desturi nyuzi 15 kwa sayani, 75 kwa majenta, 45 kwa nyeusi na 0 kwa manjano, ili mipangilio isigongane na kuzaa mawimbi yasiyotakiwa. Nukta hizo huvimba zikigusa karatasi: iliyofunika asilimia 50 ya eneo kwenye bamba huweza kufunika karibu asilimia 70 kwenye karatasi, na zaidi kwenye karatasi isiyopakwa, inayofyonza wino. Ndiyo maana picha iliyopendeza kwenye karatasi ya kung'aa hutoka nzito na yenye giza kwenye karatasi ya gazeti, na mwanafunzi aliyeielewa sababu huipunguzia toni kabla ya kutengeneza bamba.

Kanuni hizi huonekana wazi zaidi katika njia za mkono. Katika uchapaji wa skrini, kitambaa chembamba hukazwa kwenye fremu na kupakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Sehemu zilizofichwa na mchoro mweusi hubaki laini, huoshwa kwa maji, na wino husukumwa kupitia humo kwa mpira wa kukwangulia. Kila rangi hudai fremu yake, dawa yake na muda wake wa kukauka, kwa hiyo mwanafunzi anayebuni tisheti ya rangi sita huulizwa mara moja kama mbili kati yake haziwezi kupatikana kwa kulaza nyingine juu ya nyingine. Kwenye chapa za mbao, zinazojulikana Nairobi kupitia wasanii kama Peterson Kamwathi na kupitia Kuona, kituo kilichoanzishwa mwaka 1995 ambacho baadaye kilihamia eneo la Kilimani, ipo mbinu ya kupunguza ubao mmoja: rangi nyepesi huchapwa kwanza kwenye nakala zote, ubao huchongwa zaidi, kisha rangi nzito hufuata, na kilichokwisha kuchongwa hakirudi. Mbinu hiyo humlazimisha mtu aujue mfuatano mzima wa rangi kabla ya kushika patasi.

Linabaki suala la mwanga wa kukagulia, kwani wino mbili zinazolingana chini ya taa ya dukani huweza kutofautiana zikitolewa nje. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ni mwanga unaofanana na wa mchana wa kelvini 5,000, na asiyekuwa na taa hiyo hupata hukumu ya haki zaidi kivulini karibu na dirisha kuliko chini ya taa za dari.

Kutokana na hayo, mpangilio wa mafunzo unaoanza na kompyuta na kuishia kwa mchapaji unastahili kugeuzwa: ubao kwanza, skrini baadaye, kisha ofseti, na programu ya kutenga rangi ije mwisho, baada ya mwanafunzi kuzitenga kwa akili yake. Njia hiyo hula muda na wino, na darasa kubwa huiona nzito, lakini matunda yake hupimika kwa urahisi. Mwanafunzi apewe chapa asiyoijua pamoja na kioo cha kukuzia, aeleze ni wino ngapi zilizotumika, ipi ilitangulia, ipi iliteleza na ilielekea wapi. Akiweza kujibu, atajua pia la kumwambia fundi kabla karatasi ya kwanza haijaingia mashineni.