Mashavu Yaliyozibwa

Kazi imeharibikia kwenye mashavu, yaani pande mbili za ubavuni za bei windo, dirisha la kutokeza. Nasema mapema kwa sababu najua wengi mliotazama ile video ya kukabidhi nyumba ya Mbezi Beach mmeishia kusifia jiko na taa za dari.

Sifa kwanza, zisije zikapotea: slabu inayobeba bei windo imemwagwa pamoja na sakafu, haikubandikwa baadaye, na chini ya kingo kuna mfereji wa kukata maji ya mvua. Safi.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Dirisha linatazama mashariki, baharini, na mashavu yake yamekatwa kwa nyuzi 45. Simama ndani: shavu la kushoto linatazama kaskazini-mashariki, la kulia kusini-mashariki. Mchoraji, kwa kujua au kwa kubahatisha, amempa mwenye nyumba shavu la kaskazi na shavu la kusi. Desemba mpaka Machi upepo unagonga la kushoto. Kusi ikianza, Aprili hivi, unahamia la kulia. Tena shavu moja likipokea, lenzake linanyonya hewa ya ndani na kuitoa, hata kama milango ya nyuma imefungwa. Nyumba ngapi za pwani zimejaliwa hivyo? Na mashavu yote mawili yamewekwa fiksi! Kioo kizima, silikoni kuzunguka, kwaheri. Kinachofunguka ni cha mbele peke yake, nacho ni cha kusukuma.

Rudisheni video nyuma, pale mwenye nyumba anapokaa kwenye benchi la dirisha. Nje minazi imelalia upande mmoja. Ndani, pazia lililo sentimita chache kutoka kioo cha shavu halitikisiki hata pindo. Mzee wa watu anafuta shingo kwa leso huku akisifia upepo wa bahari, na juu yake kiyoyozi kinanguruma. Aliyepitisha uamuzi wa kuziba mashavu alikuwepo hapo hapo, anatabasamu.

Madirisha ya kusukuma nimeshayasema mpaka wasomaji wengine wamenichoka, lakini nitarudia. Likifunguliwa lote, nusu yake bado imefungwa. Kwa makadirio ya macho, la mbele pale lina upana wa mita 1.8, kwa hiyo upepo unapewa sentimita 90. Mashavu, kila moja kama sentimita 70, yangewekwa bawaba yangetoa mita 1.4, tena yakiwa yameelekezwa penyewe. Mmeacha kikubwa mkachukua kidogo, na bili ya umeme itakuja kila mwezi kuwakumbusha.

Najua utetezi: wezi, mvua, mbu. Grili inakaa ndani, dirisha linafungukia nje, mkono unapita kati ya nondo kulivuta. Mvua ikija, unafunga shavu la upande inakotoka na kuacha la pili. Wavu wa mbu unawekwa kwenye fremu yake, ndani, nao una bawaba zake. Fundi yeyote wa mbao aliyesomea kazi kwa babake anaweza haya yote. Wa aluminiamu wanataka kukata vipande vinavyofanana na kuondoka kabla ya saa kumi.

Wazee walilijua hili bila kompyuta. Pita Ndia Kuu, Mombasa, uangalie roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia: hewa inaingia mbele na ubavuni. Nenda Barabara ya Mizingani, Unguja, kwenye jengo aliloanzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887, uone mbao zilizotobolewa nakshi zinavyochuja jua na kupitisha upepo. Jeddah, kwenye Nyumba ya Nassif, madirisha ya kutokeza yamepanda ghorofa kwa ghorofa, na Cairo walikuwa wakiweka mitungi ya maji ndani yake ili ipoe. Waliobuni vile hawakuwa na kiyoyozi cha kuwafichia makosa.

Ninachohofia ni kwamba tumeiga picha za Uingereza. Peter Ellis alipojaza madirisha ya kutokeza kwenye uso wa Oriel Chambers, Liverpool, mwaka 1864, alikuwa akiwinda mwanga kwa ajili ya ofisi za mji wenye mawingu. Wakosoaji wa zama zake walimkejeli, na mimi namvulia kofia. Lakini mwanga si shida ya Mbezi. Saa moja asubuhi jua la baharini limeshaingia hadi kwenye zulia, na kioo cha giza walichoweka kinafanya chumba kiwe cheusi bila kukifanya kiwe baridi.

La pazia ni dogo: bomba lake limepita moja kwa moja mdomoni mwa dirisha, kwa hiyo pazia likifungwa benchi linatoweka na sebule inapungua. Bomba lilitakiwa kupinda kufuata kona.

Marekebisho hayavunji ukuta. Ng'oa vioo viwili vya mashavu, agiza fremu za bawaba kwa vipimo vile vile, ziwekwe kabla kaskazi haijaanza. Na fundi aliyeweka fiksi asiitwe tena.