Daktari wa Familia katika Ilani za Vyama vya Uingereza

Kila uchaguzi mkuu wa Uingereza unapokaribia, vyama vikubwa vya nchi hiyo hushindana kuwaahidi wananchi jambo moja: kwamba watamwona daktari wa familia bila taabu. Ilani za mwaka 2024 hazikuacha desturi hiyo. Yatupasa tuzisome kama maandishi ya kisiasa, yaani tuulize zinasema nini na zinanyamaza juu ya nini.

Liberal Democrats walitaka kila mtu awe na haki ya kumwona daktari, au mhudumu mwingine anayefaa, katika siku 7, au katika saa 24 akiwa na jambo la haraka. Wakaahidi madaktari 8,000 zaidi. Conservatives waliahidi kujenga au kukarabati zahanati 250 na kuwaongezea wafamasia kazi. Labour waliahidi kumrudisha daktari wa familia, kufundisha maelfu ya madaktari wapya, na kukomesha vurugu ya saa 2 asubuhi, pale wagonjwa wote wanapopiga simu kwa pamoja kugombea nafasi chache za siku hiyo.

Tarakimu hizi zina historia yake. Mwaka 2015 serikali ya Conservatives iliahidi England madaktari wa familia 5,000 zaidi ifikapo 2020. Lengo likiwa halifikiki, mwaka 2019 chama hicho hicho kikapandisha ahadi hadi 6,000. Katika miaka hiyo ya ahadi, ukiwahesabu kwa saa kamili za kazi, madaktari waliokwisha kuhitimu walipungua kutoka zaidi ya 29,000 mwaka 2015 hadi chini ya 28,000 mwanzoni mwa 2024, na watu walioandikishwa kwao wakaongezeka kutoka karibu milioni 57 hadi milioni 63. Anayeshindwa 5,000 kisha akaahidi 6,000 hapangi, ananadi.

Ahadi ya siku 7 nayo ina mzazi wake. Mpango wa Labour wa mwaka 2000 ulitaka, ifikapo 2004, kila mgonjwa aweze kumwona daktari katika saa 48. Baadhi ya zahanati zilitimiza lengo kwa njia ya ajabu: zilikataa kuandika miadi ya zaidi ya siku mbili mbele. Mwenye kisukari aliyetaka kupanga kumwona daktari wake wiki ijayo aliambiwa apige simu tena wakati ukifika. Mwaka 2005 mwananchi mmoja alimweleza Tony Blair jambo hilo katika televisheni, na Waziri Mkuu akaonekana kushangaa! Ndivyo inavyokuwa pale kipimo kinapochukua nafasi ya kazi yenyewe. Hapa Labour ya 2024 ilikuwa na hoja nzito kuliko wenzake, maana kumjua mgonjwa kwa miaka ni tiba. Uchunguzi wa Norway uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15 walilazwa hospitali na kufa kwa kiwango cha chini kwa karibu robo, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu.

Lakini daktari huyo atakaa wapi? Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari msoshalisti wa kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika kwamba tiba njema hupungua pale inapohitajika zaidi, na kwamba hali hiyo huzidi kadiri soko linavyoachiwa. Tangu 1948 kilikuwapo chombo cha taifa kilichoweza kumzuia daktari kufungua kazi mahali penye madaktari wa kutosha. Kilifutwa mwanzoni mwa karne hii. Katika ilani hizo tatu hatukuona pendekezo la kukirudisha.

Ukimya huu una mizizi. Huduma ya taifa ilipoanzishwa 1948, Aneurin Bevan alikubaliana na madaktari wa familia wabaki wenye mikataba, wasiwe waajiriwa wa serikali. Kwa hiyo waziri hutangaza idadi, lakini anayeajiri ni zahanati, kwa fedha alizonazo mkononi. Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 2024: madaktari waliotoka mafunzoni walikosa kazi wakati wagonjwa wakikosa madaktari, kwa sababu fungu la kuongeza watumishi liliruhusu kuajiri wafamasia na wengineo, siyo madaktari. Agosti mwaka huo serikali mpya ya Labour ililegeza sharti hilo na kutenga pauni milioni 82 kwa ajili ya madaktari wapya 1,000. Mwaka 2025 ikatangaza pia kuipitia upya kanuni ya kugawa fedha kwa zahanati, ambayo kwa miaka 20 ililalamikiwa kuwa haihesabu umaskini sawasawa. Hatua zote mbili hazikuhitaji kuahidi daktari hata mmoja katika ilani.