Sifa za Ufundi wa Kukumbuka Kikosi

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki inapojadiliwa, aghalabu hutajwa ngano, methali, vitendawili, nyimbo na tenzi, lakini ni nadra kutajwa fani moja ambayo husikika kila siku vijiweni, ndani ya mabasi na kandokando ya viwanja, nayo ni fani ya mashabiki kuikumbuka kwa mazungumzo timu iliyowahi kuwapa furaha. Fani hiyo ina kanuni zake hata kama hazijaandikwa popote, ina mafundi wake na wababaishaji wake, na hadhira yake huwatambua wote wawili upesi, kwa kuwa fundi hukosolewa tarehe na jina, ilhali mbabaishaji huachwa aseme mpaka achoke. Insha hii inausifu ufundi huo, na hoja yake ni kwamba msimulizi hapimwi kwa wingi wa sifa anazommiminia nyota mmoja, bali kwa uwezo wake wa kukirudisha kikosi kizima mbele ya wasikilizaji, pamoja na wale ambao ushindi uliwahitaji na umaarufu ukawasahau.

Sekenke, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, ni mahali panapofaa kuutafakari ufundi wa namna hiyo. Hapo barabara itokayo Singida huteremka mlima ambao madereva wa malori waliuogopa kwa miaka mingi, kisha huingia katika mbuga ya Wembere. Na hapo ndipo Wajerumani walipoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, dhahabu iliyokuja kutumika mjini Tabora mwaka 1916, wakati vita vilipokuwa vimelitenga koloni lao na Ulaya, kutengenezea sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wachimbaji wadogo wa leo hulitoa jiwe ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, wakalisaga kwa karasha, ambayo ni mashine ya kupondea mawe, kisha wakaupeleka unga wake kwenye mwalo, mahali pa kuoshea, ili maji yabebe kilicho chepesi na kilicho kizito kibaki. Mchanga unaotoka hapo huitwa marudio, na hautupwi, kwa sababu mchenjuaji mwenye maarifa zaidi anaweza kuupitia upya akapata dhahabu iliyomponyoka mwoshaji wa kwanza. Kumbukumbu ya mashabiki hufanya kazi kwa utaratibu uo huo: mazungumzo ya kwanza hushika kile kinachong'aa, na ufundi huanza pale mtu anapoyarudia marudio.

Mfano ulio bora wa kuupima ufundi huu unatoka mbali na Iramba, ingawa una undugu nayo wa kazi. Katika mji wa El Paso, jimboni Texas nchini Marekani, kwenye mpaka wa Mexico, kilifunguliwa mwaka 1914 chuo cha kufundishia uchimbaji wa madini na utengenezaji wa metali, na kwa sababu ya asili hiyo timu zake zote za michezo huitwa Miners, yaani Wachimbaji. Katika miaka ya 1960 chuo hicho kilijulikana kwa jina la Texas Western, na tarehe 19 Machi 1966 timu yake ya mpira wa kikapu, iliyofundishwa na Don Haskins, iliifunga Kentucky pointi 72 kwa 65 katika fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani. Wachezaji wote saba ambao Haskins aliwaingiza uwanjani siku hiyo walikuwa Wamarekani weusi, na Kentucky, iliyofundishwa na Adolph Rupp, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja; hivyo mchezo huo ukaingia katika historia ya haki za watu weusi pamoja na historia ya michezo.

Kanuni ya kwanza ya ufundi ni kukitaja kikosi bila kuruka jina. Walioanza mchezo walikuwa Bobby Joe Hill, Orsten Artis, Willie Worsley, Harry Flournoy na David Lattin, na waliotoka benchi walikuwa Nevil Shed na Willie Cager. Msimulizi wa kawaida huanza na Hill na kuishia kwake, na hawezi kulaumiwa sana, kwa sababu Hill alifunga pointi 20 na katika kipindi cha kwanza aliwapora mpira walinzi wa Kentucky mara mbili mfululizo, akaenda kufunga peke yake, jambo linalosimulika kwa raha. Fundi, hata hivyo, huendelea kuhesabu: Lattin alifunga 16, Artis 15, Worsley 8, Cager 8, Shed 3, na Flournoy, aliyeumia mapema na kutoka, 2. Ukizijumlisha zinafika 72, na hapo ndipo hesabu inapofichua kile ambacho masimulizi matamu hukificha, kwani tofauti kati ya timu hizo mbili ilikuwa pointi 7 tu, ilhali wachezaji wawili wa akiba walileta pointi 11. Kwa hiyo anayemtaja Hill na kuwasahau Cager na Shed amesimulia mchezo ambao Texas Western isingeushinda.

Kanuni ya pili ni kutofautisha kilichopendeza na kilichoamua. Kentucky ilifunga vikapu 27 vya mchezo wa kawaida na Texas Western 22 tu, na mtu akiishia hapo atadhani aliyeshinda ameshindwa. Kilichoamua ni mitupo huru, yaani ile mitupo ambayo mchezaji aliyechezewa faulo hupewa kuitupa akiwa amesimama kwenye mstari bila kuzuiwa na mtu: Texas Western ilipata 28 kati ya 34, na Kentucky 11 kati ya 13. Mitupo huru haina mbwembwe wala haimwinui mtu kitini, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kuchujika katika kumbukumbu. Lakini idadi hiyo ya faulo inaonyesha kwamba vijana wa Haskins waliushambulia mchezo kuelekea kikapuni na kuwalazimisha wapinzani kuwagusa, na pia kwamba waliposimama peke yao kwenye mstari hawakutetemeka. Uamuzi wa Haskins wa kumwanzisha Worsley, aliyekuwa mfupi kuliko wenzake wote uwanjani, ili timu iwe na walinzi watatu wa kuukabili wepesi wa Kentucky, nao ni wa aina hiyo: haukuwa tukio la kushangiliwa, ila bila huo matukio ya kushangiliwa yasingekuwapo.

Kanuni ya tatu inahusu njia ya kufika fainali, ambayo mashabiki wengi huifupisha kwa sentensi moja. Texas Western iliingia katika mashindano hayo ikiwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, dhidi ya Seattle. Ikaishinda Cincinnati 78 kwa 76 katika muda wa nyongeza, kisha ikaishinda Kansas 81 kwa 80 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, katika mchezo ambao mtupo wa Jo Jo White wa Kansas uliingia mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha nyongeza na kukataliwa kwa kuwa mwamuzi alimwona amekanyaga mstari. Nusu fainali dhidi ya Utah iliwaletea Jerry Chambers, aliyefunga pointi 38, na mmoja wa waliopewa kazi ya kumpunguza kasi alikuwa Jerry Armstrong, mchezaji mweupe ambaye hakuingia uwanjani katika fainali. Jina la Armstrong ni marudio ya aina bora kabisa, maana simulizi inayohusu weusi saba dhidi ya Kentucky haina nafasi yake, na bila yeye huenda fainali hiyo isingekuwapo ya kusimuliwa.

Hapa ufundi hukutana na jaribu lake kubwa zaidi, ambalo ni kuijaza siku ya tukio maana zilizokuja baadaye. Haskins alishikilia maisha yake yote kwamba aliwaingiza wale aliowaona kuwa bora, wala hakukusudia kutoa tamko. Uzito wa ushindi huo kwa vyuo vya Kusini mwa Marekani, vilivyokuwa vikiwafungia milango wachezaji weusi, ulionekana wazi zaidi kadiri miaka ilivyopita, mpaka timu nzima ikaingizwa mwaka 2007 katika Jumba la Heshima la Mpira wa Kikapu lenye jina la Naismith. Filamu ya Glory Road, iliyotoka mwaka 2006, ilimwonyesha Haskins akitwaa ubingwa katika mwaka wake wa kwanza chuoni, ilhali alifika huko mwaka 1961. Filamu ina ruhusa ya kukaza muda ili hadithi ienee katika saa mbili, lakini shabiki hana haja ya ruhusa hiyo, kwa kuwa miaka mitano ya kujenga kikosi ni sehemu ya sifa zenyewe, na anayeiondoa humgeuza mwalimu mvumilivu kuwa mtu wa bahati.

Msomaji wa Singida ana sababu nyingine ya kukijali chuo hicho, ambacho tangu mwaka 1967 kinaitwa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu yake ya mbio ilikuwa na Watanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na Zakaria Barie, wakiwa pamoja na Wakenya kama Michael Musyoki. Katika mbio za nyika za vyuo, wanariadha saba hukimbia kwa ajili ya timu lakini nafasi za watano wa kwanza ndizo hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo hushinda. Mwaka 1981 Wachimbaji wa El Paso walipata pointi 17, ambapo matokeo yasiyoweza kupitwa na timu yoyote ni 15. Mchezo huo unaiweka wazi hoja ya insha hii kuliko mwingine wowote, kwa sababu bingwa binafsi huleta pointi moja tu, naye mtu wa tano, ambaye hakuna mpiga picha anayemsubiri, ndiye anayeweza kuibomoa hesabu yote akichoka.

Mashabiki wa Tanzania wanaujua ufundi huu nyumbani pia. Taifa Stars iliyocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980 haikutwaa kombe, na ilitoka na sare moja katika michezo mitatu, lakini majina ya Athumani Mambosasa, Juma Pondamali, Leopold Mukebezi, Mohamed Kajole, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga yalidumu midomoni mwa watu katika miaka yote 39 ambayo taifa lilisubiri kurudi huko mwaka 2019. Bao la Peter Tino mjini Ndola, lililoivusha timu, hutajwa na kila mtu. Anayeongeza kwamba mabao ya Lagos yalifungwa na Juma Mkambi, mara moja, na Thuwein Ally, mara mbili, huyo ndiye ambaye wenzake humwachia nafasi ya kuendelea.

Wapo wanaoshikilia kwamba mazungumzo ya namna hii ni uvivu wa wazee, na kwamba kusifu timu za zamani huwanyima vijana moyo wa kujenga zao. Lawama hiyo ina ukweli pale kumbukumbu inapokuwa ya nyota peke yao, kwa sababu kijana anayeambiwa habari za Hill tu, au za Tino tu, hujifunza kwamba ubingwa hushuka juu ya mtu mwenye kipaji adimu, na kwamba asiye nacho hana la kufanya isipokuwa kushangilia. Kumbukumbu ya kikosi kizima hufundisha kinyume chake: kwamba palihitajika mtu wa kumkaba Chambers, mtu wa kusimama kwenye mstari wa mitupo huru bila kutetemeka, na mtu wa tano wa kutopunguza mwendo, na hizo ni kazi ambazo kijana wa Shelui au wa Kiomboi anaweza kuzianza akiwa na nidhamu kabla hajajua kama ana kipaji. Ndiyo maana ufundi huu unastahili kusifiwa pamoja na ufundi wa wachezaji wenyewe. Na dalili kwamba umerithishwa sawasawa ni siku ambayo mtoto aliyezaliwa miongo mingi baada ya mchezo anamkatiza mzee kwa adabu, akamkumbusha kwamba amemsahau Cager.