Wapima Miti wa Usambara

Katika misitu ya Usambara, kaboni hupimwa kwa futikamba. Mpimaji husimama upande wa juu wa mteremko, husogeza majani makavu yaliyolundikana kwenye kitako cha mti, husimika fimbo ya mita 1.3, kisha huzungusha utepe pale fimbo ilipoishia. Kabla ya kusoma huhakikisha hakuna mmea unaotambaa uliobanwa chini ya utepe, na kwamba utepe haukupinda nyuma ya shina asikoona. Namba hutajwa kwa sauti, na mwandishi huirudia kabla ya kuiandika.

Naiheshimu sana kazi hii, kwa kuwa uzembe mdogo unaigharimu mno. Mti wa msitu wa mlimani unaweza kunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Ukikosea sentimita moja ya kipenyo umefuta, au umezua, ukuaji wa miaka kadhaa. Na kwa kuwa uzito hupanda kwa kasi kuliko kipenyo, sentimita hiyo moja kwenye mti wa sentimita 60 hubadilisha uzito kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana mahali pa kipimo hupakwa mstari wa rangi, ili atakayekuja miaka mitano baadaye azungushe utepe palepale. Kibati cha namba hupigiliwa mbali kidogo na mstari huo, maana mti huvimba pale msumari ulipouchoma.

Mlima nao haukubali haraka. Eneo la kiwanja huhesabiwa kwa umbali wa mlalo. Tathmini ya taifa ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009, ilitumia viwanja vya duara vyenye nusu kipenyo cha mita 15. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita hizo 15 hutaka utepe wa mita 17.3 juu ya ardhi. Anayesahau hilo hupima kiwanja kidogo kuliko anachodhani, na msitu wote huonekana mwembamba.

Kisha kuna jina la mti. Miti miwili yenye unene mmoja haina uzito mmoja, kwa sababu mbao hutofautiana kwa msongamano. Hapo mwenyeji Msambaa anayeujua msitu ndiye mwalimu: hukwangua gome, hunusa, hutazama utomvu, kisha hutaja mkulo au msambu. Wakibaki na shaka, tawi hukatwa, hukandamizwa kwenye magazeti na kulinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa, kama zile za hebaria ya Lushoto.

Hesabu inayogeuza unene kuwa uzito nayo iligharimu jasho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliangusha miti katika msitu wa Amani, hapahapa Usambara, wakaipima vipande vipande, wakachimba hata mizizi. Utafiti mwingine wa Amani, uliochapishwa mwaka 2015, uliunganisha vipimo vya ardhini na miale ya leza kutoka kwenye ndege. Wastani wa uzito mkavu wa miti juu ya ardhi ulikuwa tani 460 hivi kwa hekta. Karibu nusu yake ni kaboni. Lakini leza hiyo husoma kimo na wingi wa majani, haisomi uzito. Uzito hufundishwa na futikamba.

Ipo njia nyingine, ya kuusikiliza msitu ukivuta na kutoa hewa. Yangambi, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mnara wa mita 55 ulisimamishwa mwaka 2020. Vifaa vyake hupima upepo unaopanda na kushuka, pamoja na kaboni iliyomo, mara nyingi kila sekunde. Ni ufundi wa ajabu, ila hupenda tambarare. Kwenye mabonde yetu hewa baridi ya usiku huteremka na kaboni yake chini ya vifaa, na mnara usijue.

Hata hivyo mabadilishano ya maji kati ya msitu na anga yalishapimwa Usambara zamani. Lill na Björn Lundgren, watafiti wa Sweden, walichunguza mvua, maji yanayonaswa na majani, na uvukizi katika msitu wa Mazumbai, wakachapisha matokeo mwaka 1979. Uvukizi ni habari ya nishati pia: kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hutumia nishati takriban mara saba ya ile ya kuichemsha kutoka nyuzi 20 hadi itokote. Joto hilo la jua huondoka na mvuke, badala ya kubaki kuchoma udongo.

Mwaka 2021 vipimo vya viwanja 226 vya misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika viliwekwa pamoja. Vilionyesha wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, kiasi kilichozidi sana makadirio yaliyokuwa yakitumika. Nyuma ya namba hiyo kuna watu waliokwea mteremko na ngazi begani, kwa ajili ya miti ambayo mizizi yake mipana imepanda hadi kuumeza mstari wa rangi. Hapo sharti alama ihamishwe juu. Na siku hiyohiyo mti hupimwa mara mbili, pa zamani na papya, na namba zote mbili huandikwa.